Sifuri Haishuki

Nimechimba visima miaka thelathini na mmoja katika nchi kavu ya Kishapu. Nimewahi kutoa maji kwenye pima kumi na mbili, na nimewahi kutoa vumbi kwenye pima arobaini. Nasema haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba ninayoyaeleza kuhusu maji ya Sakitu sikuyaokota barazani. Nilivyofika huko ni habari ndefu isiyo na faida, aliyefika amefika. Anayetaka habari za vyombo, nauli na mizigo iliyopotea akamuulize msafiri mwingine. Jina langu ni Lugwisha, na kule waliniita Fundi.

Sakitu ni nchi ya barafu tupu. Hakuna udongo, hakuna mti, hakuna hata jani la kufukuzia nzi, na nzi wenyewe hawapo. Majira niliyokuwa kule jua halizami. Linazunguka tu pembeni mwa mbingu kama mbwa anayetafuta pa kulala. Watu hujenga kwa matofali ya barafu, hutandika ngozi za sili, mnyama wa bahari za baridi, na kuwasha mafuta ya mnyama huyohuyo. Siku ya kwanza nilimuuliza askari wa lango la mji mkuu, kama mtu wa kazi yangu anavyopaswa kuuliza, chini ya barafu hii kuna nini.

"Barafu," akajibu.

"Na chini ya hiyo?"

"Serikali," akasema, wala hakuwa anatania.

Mji wenyewe unaitwa Sifuri, na umepata jina hilo kutokana na mlingoti. Ni ubavu wa nyangumi ambao waasisi wa nchi waliusimika kwenye barafu katikati ya uwanja, wakauchora alama nyekundu usawa wa kifua cha mtu. Kimo cha kila kitu Sakitu hupimwa kutoka kwenye alama ile. Juu ya kila lango wamechonga maneno mawili, SIFURI HAISHUKI, na watoto huyajua kabla hawajajua majina ya baba zao.

Sheria yao nilisomewa mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka nikaombwa nitoke nje. Inasema kwamba kilicho juu ya Sifuri kina kiburi. Kila mwaka wilaya zote hupimwa, na ile itakayoonekana imepanda kuliko mwaka uliopita huwa imetenda kosa la kujiinua. Wananchi wake wakiingia mjini ni lazima wajishushe kwa kadiri wilaya yao ilivyopanda. Shibiri mbili, wanainamisha shingo. Tano, wanapinda kiuno. Nane wanakwenda kwa magoti, na kuanzia kumi wanatambaa. Askari wa lango ana fimbo ya kupimia migongo, naye huitumia kwa upole, kama fundi cherehani anayempima bibi harusi.

Siku chache baadaye nilikuwa nimesimama palepale langoni nilipomwona mwanamke wa makamo anaingia. Alivaa koti zuri la ofisi lenye vifungo vya pembe, na nyundo ya mti ilining'inia kiunoni mwake. Alikuwa anatambaa. Askari alimpigia saluti ya heshima kabisa.

"Shikamoo, Bi Mpimaji."

"Marahaba, mwanangu. Leo tuko ngapi?"

"Kumi na moja, mama. Wameongeza jana."

"Basi nimeshafika. Chini ya kutambaa hakuna pengine pa kwenda."

Huyo alikuwa Bi Sihaba, Mpimaji wa Nchi. Serikali ilimheshimu sana, kwa maana hapakuwa na mwingine aliyeiweza kazi yake. Lakini alizaliwa Ukingo, wilaya iliyo mwendo wa siku mbili kwa vigari vya kuteleza vinavyovutwa na mbwa, na Ukingo ilikuwa imejiinua miaka minne mfululizo. Kwa hiyo aliingia ofisini kwa viganja na magoti, akaandikia sakafuni, akatoka vilevile. Mimi nina ulimi ambao mama yangu aliukemea mpaka akachoka. Nilimfuata nikamuuliza anakubalije kudhalilishwa hivyo na watu ambao hawajui hata kushika nyundo.

"Fundi," akasema, "miaka mitatu nilikataa. Walikuwa wananishika shingo na kuniinamisha kwa nguvu. Mwaka wa nne nikatambaa mwenyewe, na siku hiyohiyo nikasikia."

"Ukasikia nini?"

Alitazama kushoto na kulia. "Lala hapa. Weka sikio."

Nikalala. Baridi ya barafu ile inauma kama jino bovu. Bi Sihaba alichomoa nyundo, akapiga pigo moja zito, akaniinulia vidole: moja, mbili. Kwenye mbili, kitu kikajibu kutoka chini. Ulikuwa mlio mmoja safi, kama kofi moja la mikono miwili mipana.

"Hapo nyundo imegonga maji," akasema.

Akanieleza kazi yake, nami nikasikiliza kama mwanafunzi. Barafu ya Sakitu ina unene wa pima elfu mbili. Ukipiga nyundo juu ya mwamba uliofichika, mwangwi hurudi umevunjikavunjika, kama kokoto zinazomwagwa. Ukipiga juu ya ziwa, hurudi mzima, kwa kuwa maji yametandika kitanda chao sawasawa. Kwa njia hiyo alikuwa amekwisha kuchora maziwa sitini na moja, mengine madogo kama bwawa la kunyweshea ng'ombe, na moja, lile lililokuwa chini ya magoti yetu, lenye urefu wa kutoka kwetu Kishapu mpaka Mwanza na zaidi. Maziwa sitini yalikuwa na majina. Hilo moja halikuwa nalo, kwa sababu sheria hairuhusu kutaja kitu kilicho chini ya mji wa Sifuri.

"Kwa nini hayagandi?" nikauliza.

"Wewe ni mchimbaji. Ukishuka chini sana, kuna baridi?"

"Kuna joto. Pima arobaini tunavua mashati."

"Basi. Ardhi inapumua joto, na barafu imeifunika kama blanketi. Na uzito wote huu unayabana maji yasigande. Hayajaona jua, Fundi. Tangu kabla hajazaliwa mtu wa kwanza wa kuyatafuta, yako hapo, gizani, yanakaa."

Nimeyatafuta maji maisha yangu yote. Nimeyatafuta kwa fimbo, kwa kusoma mchwa, kwa kunusa udongo, na nikiyapata huwa ni ndoo kumi, ndoo ishirini. Nililala pale, bahari nzima ya maji matamu ikiwa chini ya tumbo langu, kimya, haimwombi mtu kitu, na niliogopa. Haukuwa woga wa kuumia. Ulikuwa woga wa mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, akakuta wenyewe wapo. Machozi yalinitoka, yakaganda shavuni, na sikuona haya.

"Sasa sikiliza vizuri," akasema Bi Sihaba. "Bila nyundo."

Nikaziba sikio la juu. Mbali sana, chini sana, kulikuwa na sauti ya maji yanayomiminwa polepole, kama mtu anayehamisha maji ya mtungi katika chumba cha pili.

"Linahama," akanong'ona. "Limepata njia bondeni chini ya barafu, linatoka. Miaka minne sasa. Na paa linafuata."

Nilikaa kitako, nikautazama mji. Nikaona yale ambayo nilikuwa nayaona tangu nimefika bila kuyaona. Barabara zote ziliteremka kuelekea uwanjani. Siku ya pili yangu pale, pipa la mafuta lililosahauliwa langoni lilijiviringisha lenyewe mpaka mlingotini, na Serikali ikatangaza mapumziko, kwa kuwa hata mapipa yanaijua Sifuri. Milango ilikuwa inakwama. Kingo za mji zilikuwa na nyufa zilizozibwa kwa theluji na bendera.

"Basi Ukingo haijapanda," nikasema. "Ni mlingoti ulio..."

Alinifunika mdomo kwa glavu yake.

Hapo ndipo aliponieleza jambo lililomnyima usingizi. Wilaya ikifika shibiri kumi na moja, adhabu yake si kuinama tena. Huvunjwa. Nyumba zake hubomolewa, na watu wake huletwa kukaa karibu na mlingoti wajifunze usawa. Ukingo ilikuwa na kaya mia tatu, na ndani yake mama yake na mdogo wake, Zuhena, aliyekuwa anaolewa mwezi ule. Kilichosubiriwa ni sahihi ya Mpimaji chini ya maneno "Ukingo imepanda". Akitia sahihi, ndugu zake wote wataletwa kuishi juu ya paa linaloporomoka. Asipotia, watamnyang'anya nyundo na kumpa mtu atakayetia.

"Njoo Ukingo uone ushahidi wangu," akasema. "Wewe huna wilaya. Labda macho yako wataamini."

Ukingo ni mahali pekee Sakitu ambapo jiwe limetoka juu ya barafu. Ni mwamba mweusi, mkubwa kama nyumba tano, umetokeza kama goti la mtu aliyelala chini ya shuka. Wana desturi moja pale. Binti akiolewa, siku ileile anachovya kidole kwenye masizi na mafuta, anatembea kuuzunguka mwamba, na anachora mstari mahali barafu inapokutana na jiwe, ili ndoa ijue ilipoanzia. Wamefanya hivyo kwa miaka mia moja na arobaini.

Nilitegemea kukuta ngazi ya mistari. Nilikuta mmoja. Ulikuwa mweusi, mpana kama kidole, unang'aa, umenenepa kwa masizi juu ya masizi. Mamia ya maharusi walikuwa wamepita, na kila kidole kilipita palepale. Barafu ya Ukingo haikuwa imesogea hata unywele.

"Wangu umo humu," Bi Sihaba akasema, akiugusa. "Na wa mama. Na wa bibi yake mama. Siwezi kukuonyesha upi."

Zuhena, msichana mwenye sauti ya kukwaruza na kicheko kingi, alikuwa ameshaandaa kibuyu chake cha masizi. Alimuuliza dada yake kama harusi ipo au haipo. "Koroga masizi yako yasikauke, hayajui Serikali," akajibiwa, na wote wawili wakacheka, ingawa macho ya mkubwa hayakucheka.

Turudi mjini. Baraza la Kimo lilikaa, wazee arobaini, wote wima, kwa maana kukaa ni kushuka na kuruka ni kujiinua. Aliyeongoza alikuwa Waziri wa Kimo, Mheshimiwa Kimbute, mzee mrefu asiyepinda popote. Nilisikia kwamba alikuwa hajawahi kuinama tangu utotoni. Hata viatu alivishwa. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni, kwa kuwa mgeni hana kimo. Bi Sihaba alitoa ushahidi wake akiwa sakafuni, na ilibidi karani aurudie kwa sauti ili uwafikie wakubwa.

Nitasema ukweli: hawakuwa wajinga. Walifikiri kwa bidii sana. Mjumbe mmoja alisimama na kusema kwamba, kama kweli Sifuri imeshuka, basi wote waliotambaa miaka minne walitambaa bure, na itabidi waombwe radhi. Na nchi haina utaratibu wa kuomba radhi, hata fomu yake haipo. Mwingine akauliza kama Sifuri imeshuka, imeshuka kutoka wapi, ilhali hakuna mahali juu ya Sifuri panapotambulika kisheria. Hilo liliwachukua muda. Kisha mzee mmoja mwenye ndevu za kuchongoka akainua mkono.

"Mpimaji anasema barafu ya Ukingo haijasogea kwenye mwamba. Na sisi tunajua barafu hiyo imepanda shibiri kumi na moja. Kwa hiyo, waheshimiwa, na mwamba nao umepanda kumi na moja. Wameshirikiana."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwamba ulitiwa hatiani palepale bila kuwepo. Adhabu yake iliahirishwa tu, kwa kuwa hakupatikana mtu anayejua jinsi ya kuuinamisha.

Nilicheka kimoyomoyo. Kisha nikakumbuka kijiji kimoja kwetu. Mkubwa mmoja, jina namhifadhia, alitaka kisima kiwe mbele ya ofisi yake, wageni wakija wakione. Nilijua maji yapo bondeni, kwenye mtini, mwendo wa dakika kumi. Nilimwambia mara moja. Akasema andika "mahali pamefaa", nikaandika, nikatia sahihi, nikachimba pima arobaini za vumbi. Kina mama wa kijiji kile bado wanakwenda mbali kuteka maji. Niliwacheka wazee wa Sakitu kwa shingo ndefu, kumbe mwenzao nimesimama mlangoni.

"Bi Mpimaji," Waziri akasema kutoka juu, "tia sahihi."

"Sitatia, Mheshimiwa," sauti ikatoka sakafuni. Karani aliirudia kwa kunong'ona.

Wakampa mizunguko mitatu ya jua, yaani siku tatu, abadili nia.

Siku ya pili yake Waziri alikuja ofisini kwa Bi Sihaba, peke yake, na hati mkononi. Mimi nilikuwa pale nakoroga chai ya mafuta. Alisimama mlangoni, yeye kule juu na mwenzake chini, na hati ikaning'inia katikati, haimfikii. Bi Sihaba hakuruhusiwa kunyanyuka. Mimi, mgeni, sikuruhusiwa kugusa karatasi ya dola. Waziri aliinyoosha, akainyoosha, ikamponyoka. Ikaanguka kwenye barafu kati yao, na kwa sababu sakafu ya ofisi ile ilikuwa na mteremko kama mji wote, ikaanza kuteleza kuelekea uvunguni mwa meza.

Waraka wa Sifuri kulala uvunguni ni kosa ambalo sitaki hata kuitaja adhabu yake. Mzee aliinama. Magoti yalilia kama kuni kavu. Akaenda kwa mkono mmoja, kisha wa pili, akaikamata hati, halafu akabaki pale, hajui jinsi mtu anavyonyanyuka.

"Mheshimiwa," Bi Sihaba akasema taratibu, macho yao sasa yako sawa, "kwa kuwa umeshafika, weka sikio."

Sijui kwa nini alikubali. Labda uchovu. Labda kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa watu wawili wasio na kimo. Aliweka sikio kwenye barafu, na mimi nikahesabu pumzi zangu, mia mbili, na bado hajalitoa. Alipoinua uso, sikio lilikuwa limekuwa jeupe kwa baridi na macho yamejaa maji.

"Ni kubwa kiasi gani?"

"Mbwa wazuri watalivuka kwa siku sita, kwa urefu wake."

"Lipo tangu lini?"

"Tangu kabla ya Sifuri, Mheshimiwa."

"Kabla ya Sifuri hakuna..." akaanza, kwa mazoea, na hakumaliza. Aliusugua uso wake. "Tuna siku ngapi?"

"Kingo zimeanza kuachana. Kumi. Pengine tisa."

Mzee alikaa sakafuni na miguu imenyooka mbele, kama mtoto. "Siwezi kuwaambia kwamba Sifuri imeshuka," akasema. "Watanitupa nje ya ukuta, halafu wao watabaki ndani. Watu elfu nane, Bi Sihaba. Watabaki na watapiga makofi."

Kisha Bi Sihaba akavuta hati, akakata maneno "Ukingo imepanda", akaandika ya kwake, na akatia sahihi. Nilisoma nyuma ya bega lake. Aliandika: "Tofauti kati ya mlingoti na Ukingo ni shibiri kumi na moja."

"Ni kweli tupu," akasema. "Asiyetaka kuuliza nani amesogea, asiulize. Yaliyobaki ni yako, Mheshimiwa."

Yaliyobaki Waziri aliyafanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Tangazo lilipigwa kesho yake: kwa kuwa wilaya ya Ukingo imejiinua kupita kiasi, na kwa kuwa wakosaji wa namna hiyo hawaaminiki wakiachwa peke yao, Serikali yote, pamoja na raia wote wa Sifuri, watahamia Ukingo kuwalinda, tena wahamie ndani ya siku tano. Watu walishangilia. Walifunga mizigo kwa hasira takatifu, wakafunga mbwa, wakaanza safari ya kwenda kuwaadhibu watu waliokuwa wanawaokoa. Mlingoti waliuacha, kwa kuwa kung'olewa ni namna ya kupanda.

Nilitembea karibu na yule askari wa lango, jasho linamtoka.

"Fundi, mbona njia hii inapanda mpaka magoti yanauma?"

"Kiburi cha Ukingo hicho," nikamwambia. "Tembea, mwanangu."

Siku ya nane tangu Waziri aweke sikio, tukiwa Ukingo, ardhi ilitetemeka. Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia mshindo wenyewe, kwa nyayo kabla ya masikio. Kule tulikotoka ukungu wa theluji ulisimama mpaka ukalifunika jua. Wapelelezi waliporudi walisema mji haupo. Lipo bakuli, upana wake macho hayamalizi, nyumba zimepasuka kama maganda ya karanga, na katikati kabisa, chini, mlingoti umelala ubavu na pipa la mafuta pembeni yake. Hakuna aliyekufa. Nililiona Baraza zima likiomba habari ile irudiwe.

Hata hivyo, baada ya siku mbili walikuwa wanajadili pa kusimika mlingoti mpya. Bi Sihaba alipendekeza mwambani, mahali pasiposogea. Wakamjibu kwamba mwamba una hatia na hauwezi kushika wadhifa. Walikuwa bado wanavutana siku ya harusi ya Zuhena ilipofika, na watu wote, wenyeji na walinzi wao, wakaja kutazama.

Bibi harusi alichovya kidole. Akainama penye mstari, akasita.

Mstari haukuwepo. Masizi ya miaka mia moja na arobaini yalikuwa yamezama chini ya barafu, na mahali barafu ilipokutana na mwamba palikuwa jiwe tupu, ambalo hakuna kidole kilichowahi kuligusa. Zuhena alimtazama dada yake. Minong'ono ilikwenda nyuma mpaka mwisho wa umati, ikarudi.

Mimi nilielewa upesi, maana maji ndiyo kazi yangu. Maji hayapotei, yanahama. Ziwa lile lilikuwa limetembea bondeni chini ya barafu siku na siku, na sasa lilikuwa limefika. Lilikuwa chini yetu, linajaa, linatuinua sote polepole, watu elfu nane na zaidi, na mbwa wao, na mizigo yao, na sheria zao. Ukingo, iliyosingiziwa miaka minne, sasa ilikuwa imepanda kweli.

Askari wa lango alishachomoa fimbo yake kwa mazoea. Alisimama nayo, akitafuta mgongo wa kuanzia.

Macho yote yalikwenda kwa Bi Sihaba. Alikuwa ametambaa mpaka mwambani kama ilivyo sheria, kwa kuwa palipo na Serikali ndipo mjini, na mkono wake ulikuwa juu ya jiwe tupu. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni theluji ya jana. Mama yake alikuwa mbele yake, na mdogo wake na kidole cheusi, na nyuma yao nyumba mia tatu ambazo neno lake lingezivunja. Moyo wangu ulikuwa unamwambia nyamaza, mama, mara hii moja tu nyamaza.

"Ukingo imepanda," akasema kwa sauti ya juu. "Nusu shibiri. Andikeni."

Waziri Kimbute alitoka mbele ya Baraza. Alitembea mpaka penye mwamba, akavua kofia, na mbele ya nchi nzima akaanza kushuka, goti moja, goti la pili, mkono, mkono. Akalaza sikio kwenye barafu. Askari alimtazama, akatazama fimbo, akaiweka chini, na yeye akalala. Kisha wenye ndevu. Kisha akina mama na watoto wao mgongoni, safu kwa safu, mpaka kule mwisho, nchi nzima ya Sakitu ikawa imelala kifudifudi juani, sikio chini. Na mimi nikalala. Tulisikia maji yakiingia. Ulikuwa mlio mpole, mkubwa, usio na haraka, na nilihisi, naapa nilihisi, barafu ikinisukuma juu kwa uangalifu, kama mama anayemnyanyua mtoto aliyelala.

Nilipoinua kichwa niliona mtu mmoja tu hakulala. Bi Sihaba alikuwa ameshika mwamba kwa mikono miwili, na akajivuta, goti kwanza, kisha kiuno, kisha mgongo. Akasimama wima mbele ya watu wote. Miguu ilimtetemeka, kwa maana alikuwa amekwisha kuisahau kazi hiyo. Zuhena akampita polepole na kidole chake cha masizi, akachora mstari wake juu ya jiwe tupu.

Shauri la mwamba, nasikia, halijafutwa mpaka leo. Mimi nilirudi nyumbani kwa njia ambayo pia sitaieleza. Jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kile kijiji chenye kisima kikavu mbele ya ofisi. Niliwakusanya kina mama, nikawaambia kwamba nilijua tangu siku ile kuwa hapakuwa na maji, na sahihi ile ni yangu. Walinitukana vya kutosha, tena kwa haki. Walipochoka, nikachukua nyundo, tukaenda pamoja bondeni kwenye mtini, na nikalala chini kusikiliza.